Maswali ya Wasomaji: Mzinga wa Meli Ulifikaje Kahe?

Toleo lililopita tuligusia reli ya Tanga kwa aya mbili tu. Barua zilizotufikia tangu hapo, nyingi zikiwa za wasomaji wa Moshi na Arusha, zimeuliza habari za bahari. Tumezipokea kwa furaha, kwani vita vya pwani vilifika mpaka huku mlimani, na huku mlimani ndiko yalikoamuliwa baadhi ya mambo ya pwani.

SWALI: Ndugu Wahariri, wazee wetu walituambia kwamba katika vita ya Mjerumani na Mwingereza palikuwa na mzinga wa meli karibu na stesheni ya Kahe. Toka hapa mpaka baharini ni mwendo wa siku nzima. Ni kweli au ni hadithi za jioni? *(Mkulima, Kahe)*

JIBU: Ni kweli, ndugu yetu. Wazee wako walitunza kumbukumbu sawasawa. Mzinga ule ulitoka katika Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyofika Dar es Salaam Juni 1914 ikiwa na mizinga 10 ya milimita 105. Ilitoka bandarini tarehe 31 Julai, siku chache kabla ya Uingereza kuingia vitani, ili isije ikazibiwa ndani.

Kuanzia hapo shida yake ya kwanza ilikuwa makaa ya mawe. Meli ya mvuke hula makaa hata ikiwa imetulia, maana boila zikipoa huchukua saa nyingi kupata mvuke tena, na meli ya vita isiyo na mvuke ni boya tu. Nahodha wake, Max Looff, akaificha ndani ya delta ya Rufiji, upande wa Salale.

Tarehe 19 Septemba ilitoka na maji ya alasiri, ikapanda mkondo wa Unguja usiku, na alfajiri ya tarehe 20 ikaifumania manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga mbele ya mji wa Unguja, mitambo yake ikiwa katika matengenezo. Pegasus ilijibu, lakini mizinga yake ilikuwa ya zamani na makombora yalidondoka majini kabla ya kufika. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa, na meli ikazama siku ile ile. Ukirudisha hesabu ya mwezi utaona siku ile haikuokotwa ovyo: mwezi ulikuwa ndiyo kwanza unaandama. Mwezi ukiandama usiku ni giza, na maji ni ya bamvua, yaani yanajaa sana na kupwa sana. Meli nzito inayotaka kuvuka mafungu ya mchanga ya Rufiji na kusafiri bila kuonekana isingepata usiku mzuri kuliko huo.

Baada ya ushindi huo mtambo ukaharibika. Königsberg ikarudi Rufiji, na vipande vilivyoharibika vikavutwa kwa nguvu za watu, kwa njia ya nchi kavu, mpaka karakana za Dar es Salaam na kurudishwa. Kabla haijaweza kutoka tena, Waingereza waliigundua, tarehe 30 Oktoba. Hawakuthubutu kuifuata ndani. Mikondo hawakuijua, mikokoni kulikuwa na askari wenye bombomu na mizinga midogo, na meli inayokwama maji yakipwa hukaa palepale saa nyingi kama shabaha ya mazoezi. Tarehe 10 Novemba walizamisha meli kuukuu iitwayo Newbridge katika mlango mmoja ili kuuziba. Lakini Rufiji ina milango kadhaa, kwa hiyo ilibidi waendelee kulinda nje miezi mingi.

Dawa iliyopatikana ni meli za kina kifupi, ziitwazo monita. Severn na Mersey zilikuwa zimejengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazili. Zilihitaji maji ya kina kisichofika mita 2 kuelea, na kila moja ilibeba mizinga miwili ya inchi 6. Zilikokotwa kutoka Malta mpaka kisiwa cha Mafia, kisha matumbo yake yakajazwa madebe matupu ili zikitobolewa zisizame upesi.

Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu hata vitabu vya shule huparuka. Monita hizi hazikuiona Königsberg hata kidogo. Kati yao palikuwa na mikoko na takriban kilomita 10. Kwa hiyo kazi ilikwenda hivi: meli inatia nanga mbele na nyuma ili mkondo wa maji usiizungushe, inapiga kombora moja, ndege kutoka Mafia inatazama linapoangukia, mbele au nyuma, kushoto au kulia, inatuma alama kwa redio, mpigaji anasahihisha na kupiga tena. Tarehe 6 Julai 1915 monita zote mbili zilipiga kwa pamoja, na mtazamaji wa juu hakuweza kujua kombora gani ni la nani. Tena kombora likizama kwenye tope au kati ya mikoko halirushi maji ya kuonekana. Walipiga makombora mamia, machache tu yakafika, na Mersey ikapigwa na kupoteza watu. Königsberg yenyewe ilisaidiwa na watazamaji waliokaa ufukweni na kutoa taarifa kwa simu ya waya.

Tarehe 11 Julai walirudi na kanuni moja mpya: meli moja tu inapiga, nyingine inangoja. Safari ya kwanza waliingia alfajiri, safari hii waliingia karibu na adhuhuri. Mvuvi yeyote wa pwani atakwambia sababu. Siku hiyo ilikuwa moja kabla ya mwezi kuandama, na pwani yetu wakati wa bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Ukiingia maji yanapojaa, ukikwama utanyanyuliwa. Ukiingia yanapotoka, utalala hapo. Severn ilipopata shabaha haikuiacha. Ndege ilitunguliwa, lakini watu wake waliendelea kutuma masahihisho huku inashuka, ikaangukia mtoni, na wote wawili wakaokolewa.

Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru meli ilipuliwe kwa vichwa vya topido. Ikakaa chini kwenye tope, na kwa kuwa maji yalikuwa ya kina kifupi, mizinga yote 10 iliweza kuondolewa. Karakana za Dar es Salaam ziliitengenezea magurudumu, na mamia ya watu walifungwa kwenye kamba kuivuta. Vitabu vingi husifu mafundi na maofisa na kuwapitia wavutaji haraka. Sisi tunaona bila mabega yao mzinga mmoja usingefika popote. Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuwa zimeunganishwa wakati huo, kwa hiyo mzinga wa kuja Kaskazini ulilazimika kuvuka nchi kavu kati ya reli hizo mbili.

Moshi ilitekwa na majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Smuts tarehe 13 Machi 1916. Wajerumani wakarudi nyuma hadi Kahe na mto Ruvu, wakapigana hapo tarehe 21 Machi, wakiwa na mzinga wa Königsberg. Walipoondoka waliuacha wameulipua wenyewe. Huo ndio mzinga wa wazee wako. Mwingine wa meli ileile uko nje ya Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus.

Na kwa kuwa unalima Kahe: ukilima ukakuta chuma chenye umbo la chupa, kizito kuliko ukubwa wake, chenye pete ya shaba karibu na kitako, hilo ni kombora. Usilibebe, usiligonge, usiliuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Baruti ya ndani haiozi kama mti. Kinachooza ni kile kinachoizuia isilipuke. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, mwite mwenyekiti wa kijiji na polisi.

SWALI: Mwalimu alitufundisha kwamba Tanga mwaka 1914 Waingereza 8,000 walishindwa na Wajerumani 1,000 kwa sababu ya nyuki. Je, ni nyuki kweli? *(Mwanafunzi wa sekondari, Arusha)*

JIBU: Nyuki walikuwepo, na waliuma pande zote mbili. Risasi zilipiga mizinga yao iliyokuwa mitini, wakatoka kwa hasira. Lakini nyuki hawakumshinda mtu aliyekuwa anashinda. Mambo yalikuwa yameharibika siku mbili kabla, na mengi yaliharibikia majini.

Kikosi cha Kiingereza cha Jenerali Aitken kilitoka Bombay kikiwa ndani ya meli za uchukuzi 14. Baadhi ya askari walikaa melini wiki nyingi, wakitapika kwa mawimbi na bila nafasi ya kufanya mazoezi. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox ilikwenda peke yake mbele ya Tanga kudai mji usalimu amri. Ujumbe huo ndio uliopiga ngoma. Kisha wakaogopa kwamba bandari imetegwa mabomu ya majini, wakapoteza saa nyingi kuyasaka. Hapakuwa na bomu hata moja.

Walichofanya baadaye ni kushusha watu upande wa nje, Ras Kasone, usiku, kwa tishari. Ilikuwa mbalamwezi, mwezi karibu mpevu, kwa hiyo bamvua. Na saa nne usiku wa bamvua ndio wakati maji yako chini kabisa. Tishari hugusa chini mbali na nchi kavu. Askari wakashuka majini na mizigo kichwani, wakapita tope na miamba, wakajikuta chini ya genge lenye vichaka. Mizinga yao ya milimani haikushushwa kabisa. Ilipigwa kutoka sitaha ya meli, na asiyeona shabaha hupiga popote. Hakuna aliyetumwa mapema kuchungulia mji una askari wangapi.

Sasa tazama upande wa pili. Makao ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yalikuwa hapa Moshi, kwa sababu alitarajia kushambuliwa kupitia Taveta na Longido. Habari za meli zilipofika kwa waya wa simu, alichokuwa nacho ni reli ya mita moja ya upana, takriban kilomita 350 kutoka Moshi hadi Tanga, iliyokamilika miaka michache tu nyuma. Treni moja iliweza kubeba kombania moja na vifaa vyake. Kwa hiyo walikwenda kombania baada ya kombania, usiku na mchana, wakishuka karibu na mji na kuingia moja kwa moja kwenye mistari. Kila saa Fox iliyopoteza kutafuta mabomu ilikuwa ni behewa jingine linalopita Korogwe. Yeye mwenyewe alifika usiku na kuukagua mji kwa baisikeli, mbalamwezi ile ile iliyowaangazia Waingereza.

Siku ya tarehe 3 Waingereza walishambulia Longido pia, kwa nia ya kulishika jeshi huku Kaskazini. Walirudishwa, na shambulio halikuzuia treni.

Mapigano makubwa yalikuwa alasiri ya tarehe 4. Baadhi ya vikosi, kama Loyal North Lancashire na Kashmir Rifles, vilifika mpaka ndani ya mji. Vingine vilivunjika mashambani kwa bombomu zilizowapiga ubavuni. Tarehe 5 walipanda meli wakaondoka. Waliacha bunduki mamia na risasi zisizopungua nusu milioni. Hilo liliwaumiza kwa muda mrefu, kwani askari wengi wa Kijerumani walikuwa na bunduki za 1871 zenye baruti ya moshi, na moshi humwonyesha adui ulipo. Baada ya Tanga kombania tatu zikapata silaha za kisasa, kwa gharama ya Mwingereza.

Kwa mtihani wako basi, ukiulizwa sababu, taja kwanza muda na reli, kisha kushuka vibaya na kukosa upelelezi. Nyuki waandike mwisho.

SWALI: Monita, manowari na nyambizi ni kitu kimoja? *(Msomaji, Usa River)*

JIBU: Hapana. Manowari ni meli yoyote ya vita. Monita ni manowari ya kina kifupi, yenye mizinga mikubwa kuliko umbo lake, ya kupigia nchi kavu. Baharini huyumba vibaya. Nyambizi ni ile inayokwenda chini ya maji.

SWALI: Familia yetu inataka kwenda Mafia mwakani. Bibi anaogopa dhoruba, anasema bahari ya kwetu iliwahi kuua mji mzima. Vimbunga vinafika kwetu? *(Mama wa watoto watatu, Majengo, Moshi)*

JIBU: Bibi hajakosea, mama. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipita Unguja, kikavunja meli bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilinusurika, na ndiyo sababu karafuu nyingi baada ya hapo zikawa za Pemba. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika maeneo ya Mafia, na usafiri wa boti ukasimamishwa kwa muda.

Ila ni vichache, na sababu yake inaeleweka. Kimbunga huhitaji maji ya joto, zaidi ya nyuzi 26, na huhitaji msokoto unaotokana na dunia kujizungusha. Msokoto huo haupo kabisa kwenye ikweta na huwa dhaifu mpaka nyuzi 5 hivi kusini. Tanga iko nyuzi 5, Unguja 6, Lindi na Mtwara 10. Kwa hiyo kadiri unavyoshuka kusini ndivyo hatari inavyoongezeka, na vingi hugeukia Madagaska na Msumbiji, kama Kenneth ya Aprili 2019. Utaona tarehe zote hizo zinaangukia Aprili na Mei, bahari ikiwa imepata joto la kaskazi na kusi haijakaza.

Hatari ya kawaida kwa msafiri wa Mafia ni kusi yenyewe. Juni mpaka Agosti inavuma kwa nguvu kutoka kusini, na mawimbi hukorofika pale upepo unapokutana na maji yanayokwenda kinyume chake. Boti ndogo iliyojaa watu na mizigo juu ndiyo hupinduka hapo, hata bila dhoruba yoyote. Tungekushauri Desemba hadi Februari wakati wa kaskazi, au Septemba na Oktoba upepo ukiwa umelegea. Vuka asubuhi. Vaa jaketi la kuokolea tangu ufukweni, lifungwe kifuani na si kukaliwa kama mto. Soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya siku hiyo na ya kesho yake, kwa sababu ya kesho ndiyo ya kurudi. Nahodha akisema leo hatutoki, mshukuru, mlale mlipo.

SWALI: Shikamooni. Kaka yake baba aliingia jeshi la Mwingereza vita ya pili, kikosi cha mizinga. Barua ya mwisho ilitoka Mombasa mwanzoni mwa 1944. Hakurudi, na hatuna kaburi. Mnaweza kutusaidia? *(Binti wa ukoo, Marangu)*

JIBU: Marahaba, na pole sana. Hatuwezi kusema kwa hakika bila jina na namba yake ya jeshi, lakini mambo matatu uliyotaja, mizinga, Mombasa na mwanzo wa 1944, yanaelekeza kwenye meli moja.

Khedive Ismail ilitoka Kilindini tarehe 5 Februari 1944 ikiwa katika msafara wa meli tano za askari kwenda Colombo. Ndani yake kulikuwa na watu 1,511, wengi wao askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Meli ikizama polepole watu hupata muda wa kushusha mashua. Kwa dakika tatu, waliokuwa vyumba vya chini hawakuwahi ngazi. Kisha lilikuja jambo gumu zaidi. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wanaogelea, na manowari ya Kiingereza Petard ikalazimika kudondosha mabomu ya kina, yanayolipukia chini ya maji, palepale, la sivyo meli nyingine nne zingefuata. Nyambizi ilizamishwa na Petard ikisaidiwa na Paladin. Waliokufa katika Khedive Ismail ni 1,297.

Ndiyo maana hakuna kaburi. Majina ya askari wa Afrika Mashariki waliopotea baharini yameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu uliopo katika makaburi ya vita ya Nairobi, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha unayoweza kuitafuta bure kwenye intaneti. Fanya hivi. Anza na tarehe, 12 Februari 1944, na kikosi, East African Artillery, bila jina. Halafu pitia majina kwa macho, maana makarani waliandika walivyosikia: herufi r na l hubadilishana, na wengi wameandikwa jina moja tu bila la baba. Mara nyingine pembeni pameandikwa jina la mzazi na mahali, kwa mfano Moshi, Tanganyika. Ukiwa na namba ya jeshi kutoka barua ile, hata kama imefutika nusu, linganisha tarakimu za mwisho. Hizo hukosewa mara chache kuliko jina. Ukilipata, andika mahali pake kwenye mnara kama orodha inavyoonyesha, kwani bila hivyo utasimama mbele ya ukuta mzima wa majina. Barua yenyewe ipige picha mbele na nyuma, pamoja na bahasha. Muhuri wa posta una tarehe.